Magurudumu Uliyomtumia Baba

Gereji, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo wewe, wifi yangu na watoto? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Sisi huku tunajikokota. Mgongo unaniuma, maana wiki nzima nimeinamia magurudumu ya watu, na leo siku ya kupumzika nimeinamia karatasi kwa ajili ya magurudumu yako.

Rimu zilifika salama, na matairi yake mapana. Ni nzuri, sina la kusema. Baba alizizunguka akizitazama kama bwana harusi, kisha akataka nizifunge siku hiyo hiyo. Nilipoinua moja tu nikajua, nikamwambia ni nzito mno kwa gari lile. Akasema nifunge. Nikafunga, ningefanyaje?

Tangu hapo gari letu Kobe limestahili jina lake. Kilima cha kliniki linakipanda likihema. Kilo ya kwenye buti inakaa tu ikabebwa, lakini ya kwenye gurudumu injini lazima iizungushe, halafu breki zihangaike kuisimamisha. Jaribu kutembea na viatu vilivyoganda matope, utanielewa. Usukani wenyewe hauna pawa ya kusaidia mikono, na mabega mabovu ya baba unayajua. Halafu ubavu wa matairi yale ni mfupi, hivyo kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni kwa mama, kiuno kilekile anachopelekwa kutibiwa.

Wiki iliyopita ilinyesha. Matairi mapana hivyo kwenye gari jepesi hayakati maji, yanaelea juu yake. Pale njia panda baba alikanyaga breki, Kobe likaendelea na safari zake hadi ukutani kwa mwoka mikate. Mama akagonga paji la uso. Alivimba tu, namshukuru Mungu, lakini nilimkuta ameshikilia barafu usoni.

Kesho yake nilimpitia baba. Nikakuta ameng'oa kiti chote cha nyuma, akakiweka barazani pamoja na jeki na tairi la akiba. Eti anapunguza uzito wa gari. Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

“Baba, uzito uko chini, hauko huko,” nikamwambia.

“Huko chini ni kwa mwanangu,” akanijibu. “Hapaguswi.”

Nimechoka, mdogo wangu. Sikulaumu. Ulitaka kumfurahisha, na kweli amefurahi. Kila jioni anazifuta rimu kwa fulana yako ya zamani, na jirani akipita anamwonyesha: huyu ni mwanangu. Hasemi zawadi ya mwanangu. Akizivua, ataona kama anakusindikiza tena. Ndiyo maana hanisikii mimi, ingawa magurudumu ndiyo kazi inayonilisha.

Basi mpigie simu. Usimwambie ni hatari, atakuapia kwamba anaendesha vizuri. Mwambie wewe ndiye unayetaka arudishe yale ya zamani, na hizi akutunzie mpaka uje. Ya zamani yako chini ya kitanda changu. Ni membamba na mepesi, na nimeyavika matairi mapya yenye meno ya kukata maji. Fanya haraka, tafadhali. Mvua bado zipo, na Alhamisi mama ana kliniki.

Mama anakusalimu, uvimbe umeshuka. Shangazi anauliza kama wifi amezoea baridi. Hata mwoka mikate anakusalimu, ukuta wake ametusamehe, ila sasa akisikia Kobe linakuja anatoka nje kwanza.

Baba anakusalimu kuliko wote. Kile kiti cha nyuma bado kiko barazani, na jioni anakikalia. Nilitaka kukaa naye upande wa pili, ule wa dirishani, akaninyooshea kidole kwenye kigoda. Akasema hapo ni pako.

Mungu akushikie usukani huko uliko, na sisi huku atushikie breki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka.