Ndani ya Ua wa Kayaba

Jumatatu, 10 Februari 2003

Mwaka na miezi minne tangu nitoke Bungoma. Leo nimekata nyasi za mbele, nimemwagilia mawaridi, nimefagia majani ya jakaranda. Kesho yataanguka mengine. Mgongo unauma. Naandika kwa sababu nikiacha nitasahau hata herufi. Niliishia darasa la sita.

Filimbi iko shingoni. Kila mfanyakazi wa barabara hii ya Lavington, hapa Nairobi, amepewa yake: walinzi, wapishi, yaya, sisi wa bustani. Aliyezigawa ni mwenyekiti wa kamati ya usalama, mzee mstaafu anayeishi mkabala na tajiri wangu. Mwezi uliopita majambazi walipenya kwenye ua wake wa miiba ya kayaba, wakamfunga mkewe kwa waya wa pasi. Huyo mama sasa hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai. Kwa hivyo simcheki mzee na filimbi zake.

Sheria ni hii. Ukiona mtu usiyemwelewa, puliza. Ukisikia imepulizwa, toka mbio na ulicho nacho mkononi. Asiyetoka atahesabiwa kuwa mwenza wa wezi. Atafutwa kazi.

Jumanne, 11 Februari

Mzee alipuliza kutujaribu. Tukatoka wote. Mpishi wa nyumba ya kona alikuja na mwiko wa ugali. Yaya mmoja alikuja na mtoto mgongoni na chupa ya maziwa. Mutua, mlinzi wa mzee, akasema, "Leo mwizi angekufa kwa kushiba." Mzee hakucheka.

Ameongeza sheria. Wachuuzi wasipite asubuhi magari yakitoka, maana malango yanakuwa wazi. Wapite mchana. Nimeona Mama Nafula akirudishwa na kikapu chake cha mboga, mrenda na kunde. Hakubishana. Alijitwika akaondoka.

Huyu Mama Nafula ni mama mkwe wa Wanjala, mdogo wangu. Nafula, mke wa Wanjala, yuko kwetu Bungoma na watoto. Mama alihamia Kangemi kwa mwanawe wa kiume baada ya mumewe kufariki. Wanjala ni kibarua hapa hapa, mwisho wa barabara, wanapojenga ukuta mpya. Kwetu mtu na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akikutana naye njiani, anatoka njiani. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Wanjala anaishika kuliko wengi. Asubuhi mama akipita na mboga, yeye hujificha mpaka apite. Wiki jana alilala nyuma ya rundo la mchanga, mafundi wakadhani amezirai.

Mimi naweza kuongea naye, kwa umbali kidogo, kwa kuwa si mimi niliyeoa kwake.

Jumatano, 12 Februari

Joto. Mpira wa maji umepasuka. Hakuna la maana.

Alhamisi, 13 Februari

Siwezi kula. Nitaandika vile ilivyokuwa.

Mchana Wanjala huja tule pamoja nyuma ya gereji. Nilikuwa napasha githeri. Filimbi ikalia, ndefu, ya Mutua. Nikachukua jembe nikatoka mbio kama sheria inavyosema. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua wa mzee, pale pale walipopenyea majambazi. Miguu ya mtu ilikuwa imetokeza ndani ya kayaba. Mke wa mzee alikuwa dirishani anapiga mayowe. Wakaivuta ile miguu. Miiba ikamchana mtu shati na ngozi pamoja.

Nikaviona viatu. Kimoja kina kamba nyeusi, kingine kimefungwa na kamba ya mkonge. Viatu vyangu. Nilimpa mimi Krismasi.

Dereva wa nyumba ya kona alikuwa anampiga na chuma cha jeki. Nikasimama. Nikawaza kazi yangu. Kidogo tu, lakini niliwaza. Halafu nikapiga kelele, "Ni ndugu yangu! Acheni!"

Wakaacha. Dereva akanigeukia. "Kumbe ni wewe unawaonyeshanga njia!"

Wakamuuliza Wanjala alikuwa anafanya nini mle ndani. Hakujibu. Angesemaje? Mama Nafula alikuwa pale kwenye kona, amempa mgongo, leso amejifunika mpaka kichwani, kikapu chini. Walikutana ghafla. Alikuwa anapita mchana, saa mpya za kamati. Barabara hii ni kuta na malango tupu. Mahali pa kutoka njiani ni huo ua peke yake. Wanjala akaingia kwenye miiba.

Saa zimebadilika na mimi sikumwambia. Sikufikiria.

Nikawaeleza. Dereva akacheka. "Mama mkwe ndiye anaingiza watu kwa ua?" Nilipogeuka nimwite mama aseme, hakuwako. Alikuwa amekwenda, vile anavyotakiwa kwenda.

Polisi wamemchukua Wanjala. Mkono wake wa kulia umelegea, unaning'inia. Mzee aliivua filimbi shingoni mwangu yeye mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kituoni. Nimemwona kupitia nondo. Jicho moja limefungika. Mkono ameufunga na shati. Nikamuuliza kama amepewa dawa. Akasema, "Kaka, mama aliniona nikivutwa miguu?" Hilo ndilo analouliza.

Sajini wa zamu ni mtu mnene, mchovu, si mbaya. Akaniambia Jumatatu asubuhi Wanjala anapelekwa kortini. Kuvunja nyumba kwa nia ya kuiba. Watu wanataka wamtie na kesi ya wale majambazi wa mwezi jana pia, kwa sababu ya ule ua. Akifika korti ataenda rumande, na huko mtu anaweza kukaa hata mwaka. Nikamweleza habari ya mkwe.

"Huyo mama ako wapi?"

"Kangemi."

"Mlete aseme. Wewe ni ndugu yake, wewe utasema chochote."

Wanjala atakufa rumande. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Mkono ule utaoza.

Jumamosi, 15 Februari

Kangemi. Mama Nafula alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nikakaa mbali kidogo kwenye jiwe. Hatukusalimiana sana. Nikasema lililonileta.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nisimame mbele ya mkwe wangu? Mbele ya polisi? Nimtazame?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali uniambie nivue nguo sokoni."

Nikamwambia habari ya mkono. Nikamwambia habari ya rumande. Nikamwambia Nafula atakaa na watoto peke yake. Alilia. Lakini hakusema ndiyo. Alisema tangu Nafula aolewe hajawahi kuuona uso wa Wanjala, hata siku moja, na anajivunia hilo. Watu wa kwao wanamsifu kwa hilo. Sasa auone kwa mara ya kwanza ukiwa umefura?

Mwanawe alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema, "Mwache mama wa watu. Utamuua na aibu." Nikataka kumpiga. Sikumpiga.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa Mutua, langoni pake. Hakutaka kunitazama. Mwishowe akasema kwao Ukambani pia wana hayo mambo. Mtu akimwona mama mkwe anakwenda porini hata kama kuna chatu. Akasema, "Mimi mwenyewe ningeingia hapo. Lakini niliona miguu tu. Miguu haina kabila." Nikamwomba amweleze mzee. Akasema ana watoto wanne. Ninamchukia na ninamwelewa.

Tajiri wangu, mama mwenye nyumba, ameniambia anasikitika. Anasikitika kila mara akipita bustanini. Haendi kwa mzee.

Kesho ni kesho. Nimeomba. Sijui kama niliomba au nilifoka.

Jumatatu, 17 Februari

Nilifika kituoni kabla hawajafungua kaunta. Mzee alikuwako tayari, amevaa koti na kofia. Yeye ndiye mlalamishi. Hakunisalimia. Lori la kupeleka watu kortini lilikuwa limewashwa. Wakawatoa watu na pingu, wakawapanga ukutani. Wanjala wa mwisho, kwa sababu mkono wake hauingii pingu.

Basi nikajua imekwisha. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto. Sajini akasema, "Amka wewe, hapa si kwa mama yako."

Ndipo akaingia. Mama Nafula. Amejifunika leso mpaka machoni, anatembea pembeni pembeni, bega moja likigusa ukuta. Wanjala alipomwona akajigeuza, akabandika paji la uso ukutani. Wakasimama hivyo, wamepeana migongo.

Akaongea akitazama mlango. Akasema jina lake. Akasema ni mama wa Nafula. Akasema alikuwa anauza mboga, akakutana na huyu kijana, naye akaingia kwenye ua.

Sajini akauliza, "Kwa nini aingie?"

"Alikuwa ananiheshimu."

"Kuheshimu ni kuingia kwa ua ya watu?"

"Kwetu, ndiyo."

Askari wakacheka. Mmoja akasema yeye pia angemkimbia mama mkwe wake vile vile, lakini ni kwa sababu ya mdomo wa huyo mama. Sajini akainua mkono wanyamaze. Akasema hakuna haja ya hadithi. "Geuka, umwangalie, useme kama ndiye. Usipomwona sitaandika."

Hakugeuka. Lori lilikuwa linanguruma nje. Nikasema, "Mama." Nilisema hilo tu.

Akaitoa leso kichwani. Akaikunja, akaiweka begani. Akageuka. Sajini akamgeuza Wanjala kwa bega. Wakaonana.

Sijui niandike vipi. Wanjala alijifunika uso na mkono mmoja ulio mzima, lakini uso ni mkubwa kuliko kiganja. Mama aliutazama wote, jicho lililofungika, mdomo, miiba iliyokuwa bado imenasa kwenye shavu. Hakuharakisha. Akasema, "Ni yeye. Ni mtoto wangu." Kisha akaanza kuanguka, nikamshika. Hata mimi sikupaswa kumshika.

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama mzee. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa anatazama sakafu, upande, vile mtu anavyofanya akikuta mtu mzima hana nguo. Akasema taratibu, kama anaongea na kofia yake, kwamba babake alikuwa akiruka mtaro wa kahawa akisikia sauti ya mama mkwe. Aliwahi kuvunjika jino. Akasema, "Mimi nimesahau. Ni vipi nimesahau?"

Akamwambia sajini hana malalamiko. Sajini akauliza mara mbili. Hana. Lori likaondoka bila Wanjala.

Jumanne, 18 Februari

Hospitali wameufunga mkono plasta. Daktari anasema mfupa umevunjika mahali pawili na umecheleweshwa. Utashika kijiko, hautashika jiwe la ukuta. Wanjala alisema sawa. Anasema sawa kwa kila kitu.

Mchana mzee aliniita langoni kwake. Aliomba radhi. Aliomba kweli, machozi yalikuwa karibu. Halafu akasema mke wake akiniona mimi barabarani anatetemeka, anakumbuka miguu kwenye ua. Kamati imekaa. Imeonekana ni vizuri nitafute kazi mahali pengine. Alisema hivyo akiwa bado amenishika mkono.

Mke wa mzee hakunikosea, alifungwa na waya wa pasi. Mimi pia sikumkosea. Wanjala hakumkosea mtu. Na bado tumekwisha. Natafuta mtu wa kukasirikia, na kila ninayemshika ana sababu yake. Dereva tu ndiye namchukia bila shida.

Jumatano, 19 Februari

Nilikwenda mtaa wa Spring Valley, mlango hadi mlango, kuuliza kazi ya bustani. Kila mlinzi aliniuliza nimetoka wapi na kwa nini nimeondoka. Mmoja alikuwa na filimbi shingoni, kama zetu. Nikarudi.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi nilimwagilia mawaridi mara ya mwisho. Hakuna aliyeniambia nimwagilie. Yalikuwa yamekauka.

Mutua alikuja na gunia la kubebea vitu vyangu, na embe tatu za kwao. Akaniambia mzee ameita mafundi. Ua wa kayaba unang'olewa, patajengwa ukuta.

Mimi na Wanjala tunarudi Bungoma, na Mama Nafula anakuja pamoja nasi. Aibu iliyofanyika haiwezi kuachwa Nairobi. Lazima iondolewe nyumbani, mbele ya wazee, Wanjala ampe mama mbuzi, naye mama ampe kuku, kisha waruhusiwe kusalimiana kama watu. Mbuzi atatoka kwangu, yule jike mweusi. Ndiye niliye naye.

Basi ni la kesho jioni. Tumepanga kukaa hivi: mama mbele karibu na dereva, Wanjala kiti cha nyuma kabisa, mimi katikati na kikapu. Mama atapika kuku wa safari. Paja moja, amesema bila kutaja jina, nimpelekee mtu wa nyuma. Amesema mkono wa huyo mtu ni mbaya, kwa hiyo nimchambulie nyama.

Nafula ameambiwa. Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado, nitakuwa nyumbani.