Mkono Ndani ya Raba

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa hicho umekibebea nini, mtoto wewe? Nimemuuliza hivyo mlangoni, hata begi hajatua. Mjukuu wangu huyo — anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba, na raba ina damu ndani. Kakimbia bila soksi! Hata mwendawazimu akiwa na soksi huzivaa.

Akanieleza. Katika huo mchezo wao wa mambo matatu wanaogelea, wanapanda baiskeli, halafu wanakimbia. Mguu umelowa, soksi haipandi, unabaki unarukaruka na mguu mmoja huku wenzako wanaondoka. Mwaka jana alikuwa wa nne. Timu inachukua watatu. Alipitwa kwa sekunde tisa. Akasema, Bibi, hizo sekunde tisa ndizo soksi zenyewe. Mchujo wa mwaka huu ni Jumapili, tarehe kumi na sita.

Nikachukua raba, nikaingiza mkono. Miaka ishirini na miwili kiwandani kazi yangu ilikuwa hiyo: kupapasa viatu kwa ndani, kuanzia kisigino mpaka kidoleni, kutafuta uzi uliojitokeza, gundi iliyoganda, fundo. Nyapara alikuwa akisema mkono wangu una macho. Nimepapasa zote mbili. Safi. Nikamwambia raba haina kosa, kosa ni wayo wako, laini kama pamba.

Lengelenge liko mguu wa kulia, upande wa ndani, penye uvungu wa wayo. Kubwa kama harage.

Jumatano, 5 Machi

Tumeanza dawa. Mafuta ya mgando kisiginoni, katikati ya vidole, na pale penye uvungu — mengi, si ya kupaka midomo! Poda ndani ya raba. Na azoee kidogo kidogo: dakika kumi bila soksi, keshokutwa kumi na tano. Mguu ulowe kwanza, maana siku yenyewe utakuwa umelowa. Anazunguka ua wangu akichuruzika maji kama bata.

Kocha wake kapiga simu kumwambia hayo hayo. Nikaichukua simu, nikasema, mwanangu, hayo niliyajua kabla hujaota meno. Kacheka. Ana adabu, ila anaongea kama anafukuzwa.

Leo mtoto kaniita mke mwenzangu. Babu yake ndiye aliyeanza, akimwita mke mdogo. Mwaka wa sita huu hayupo, na huyu bado ananionea wivu kwa ajili yake!

Jumamosi, 8 Machi

Limerudi. Palepale! Kaendesha baiskeli, kakimbia dakika ishirini, kavua — lengelenge limepasuka, nyama nyekundu. Mguu wa kushoto mzima. Mafuta yale yale, poda ile ile.

"Bibi, kuna kitu ndani ya hii ya kulia."

Nikamwambia, unanifundisha kazi? Viatu nilivyovipapasa mimi vimevaliwa na nusu ya mji huu. Akasema, sijasema hujui, nimesema panauma. Akaenda chumbani. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningepata la kusema.

Jumapili, 9 Machi

Hatusemezani. Kala, kaosha vyombo, kajilaza. Plasta mguuni.

Jumanne, 11 Machi

Marehemu mume wangu yuko nami tangu asubuhi.

Yeye alikaa meza ya washonaji, mimi mwisho wa mstari, dirishani. Siku moja nikamrudishia kiatu — fundo ndani. Nikamrudishia cha pili. Cha tatu nikakipeleka mwenyewe, nikamsema mbele ya watu: kaka, una mikono au una majembe? Akaniomba radhi kwa upole, macho chini. Cha nne, fundo palepale! Ndipo nikaelewa. Mjanja yule alikuwa anayaacha makusudi ili nimwendee. Nikarudi kitini nikajitia kununa mpaka kengele ya jioni.

Ujana! Harufu ya gundi kwenye nguo, kelele za mashine mpaka unaota nazo. Sasa kile kiwanda ni ghala la magodoro. Nikipita pale mkono bado unajikunja wenyewe, kama umeingia kiatuni.

Aliyaficha vizuri mafundo yale. Mwingine asingeyaona. Mimi niliyaona yote.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nisije nikajidanganya.

Mtoto kaenda bwawani. Nimefanya mtihani wa kiwandani, ule ambao nyapara aliwapa wageni wa kazi: anaweka unywele ndani ya kiatu, unautafuta umefumba macho. Nimeweka wangu, mweupe. Nikapapasa. Hakuna. Nikaweka uzi. Hakuna. Nikaweka punje ya mchele — ya mchele! — nikaipita mara mbili. Nilipoinua raba ikadondoka sakafuni. Hapo ndipo nilipoisikia, kwa masikio.

Tangu lini? Vikombe vya moto navishika bila kushtuka, nikadhani ni uhodari.

Nilimwambia raba safi. Siku kumi mtoto anachubuka kwa neno langu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia. Nimesema, mke mwenzangu, vidole vyangu vimekufa. Nilikudanganya bila kujua, na tangu juzi nakudanganya nikijua. Nikangoja anicheke. Hakucheka.

"Basi nifundishe."

Nikamfundisha. Vua pete. Fumba macho. Usibonyeze, kidole kinachobonyeza hakioni. Anzia kisiginoni, taratibu — hapa hushindani na mtu! Mara ya kwanza kapita. Mara ya pili kasita. "Bibi! Hapa. Kama mchanga, lakini hautoki." Ncha ya uzi wa nailoni, wameichoma ikaganda kama jino, imejificha kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani. Penye uvungu. Mwili ulinisisimka kana kwamba nimeigusa mimi. Marehemu angesimama ampe mkono.

Sasa lazima ikatwe. Ikikatwa vibaya mshono wote unafumuka, na raba nyingine iliyozoea mguu wake hana. Kesho saa moja asubuhi anaingia majini. Mama yake anasema tuipeleke kwa fundi wa pale barabarani. Fundi yule! Anashona kiatu kama anashona gunia.

Nimeshika wembe mimi. Siusikii kama umenyooka au umelala. Nimeurudisha mezani. Mtoto kaenda kunawa mikono, bomba linalia huko nje.

Akirudi: wembe ashike yeye. Kidole cha kushoto kwenye ile ncha, wembe aulaze, akate sawasawa na bitana, asichimbe. Abandike plasta nyembamba juu yake, apapase tena. Na wewe, kizee — mikono mapajani, mdomo funga, mwache akate.