Wekesa Anateremka na Frii

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Kaptembwo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua, na kwamba Mama amepata mtu wa kumsaidia kupalilia. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira mpaka chakula hakipiti. Ningekupigia, lakini kwa simu ukisikia jambo usilolipenda unasema mtandao ni mbaya.

Tajiri amenitoa kwenye trela. Siku hizi nashinda yadi nikiosha magari ya wenzangu. Kosa langu? Eti nakunywa dizeli. Ni kweli, kwa sababu kwenye mteremko wa Salgaa nabaki kwenye gia nzito, injini ilishikilie gari. Wenzangu wanatoa gia, wanaweka frii, na trela lililojaa sukari linajiendea lenyewe. Dizeli inabaki, tajiri anafurahi. Mzigo wote unaachiwa breki, nazo zikishika moto hakuna kusimama tena. Nilimweleza hayo akacheka, akaniita bibi harusi. Na siku ya mafunzo ya usalama huyo huyo alitugawia jaketi za kung'aa, tukapigwa picha, jioni akazikusanya zote akazifungia stoo!

Hayo ningeyameza. Lakini lori langu amepewa mdogo wangu Wekesa, na Wekesa ndiye bingwa wa frii yadi nzima. Juzi alirudi breki zinafuka moshi. Nilimshika mkono nikamwambia ataua watu.

"Wee, acha uoga," akanijibu. "Mzee mwenyewe alishuka na frii miaka hiyo yote, na si yuko hai?"

Kila Krismasi unatusimulia ulivyokuwa ukiteremka kimya mpaka chini, na watoto wanapiga makofi. Nakuheshimu, Baba, lakini hadithi hiyo inanikera, maana unaikatia njiani. Safari ya mwisho huisimulii, ile breki zilipokataa ukaruka. Wekesa alikuwa bado mgongoni kwa Mama. Anachojua ni kwamba mguu wako uliharibika ulipoanguka ukiezeka nyumba. Mimi nilienda na Mama hospitali. Nilimsikia mke wa utingo wako akiuliza mumewe yuko wodi gani, na hakuna aliyemjibu.

Nikimwambia mimi, ataona nina wivu wa gari. Jumatatu anapakia Malaba, na kabla ya kuja huku atapita hapo nyumbani kula ugali wa Mama. Kaa naye. Asiinuke mezani kabla hujamtajia jina la yule utingo.

Msalimie Mama, na Senge Nafula dada yako, umwambie shuka zake zilifika. Mke wangu na watoto wanakusalimu. Barua hii anaileta shemeji yangu. Mpe chai, ametoka mbali.

Ni mimi mwanao, mwenye heshima na hasira pamoja,

Barasa