Mashine ya Baba Siachii

Bukima,
Musoma Vijijini.
4 Machi 2024

Mpendwa binamu Florian,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo wewe? Wifi Brenda hajambo, na baridi ya Sumbawanga mnaiwezaje? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa.

Barua yako nimeipata. Ningekupigia simu, lakini hapa ukiongea uani majirani wanajibu kabla yako. Unanishauri nimwachie mjomba wako Magige mashine ya boti aliyoniachia marehemu baba, ili ukoo utulie. Siachii, Florian. Nimekasirika kidogo, nakuambia mapema usije ukashangaa mbele.

Sababu yao unaijua. Eti mwanamke akikanyaga boti ya uvuvi samaki wanakimbia, na akigusa mashine inakufa. Wewe ni mwalimu wa fizikia. Krismasi ile ulikaa jikoni kwetu ukatueleza kwamba mashine hizi za kufunga nyuma ya boti zilianza kutengenezwa zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati watu wanahangaika kurusha ndege za kwanza. Ukachora silinda, plagi na kamba ya kuvuta. Mimi hii ya kwetu nimeifungua hadi ndani, na sijaona chuma cha kutambua kama anayevuta kamba amevaa gauni.

Baba alinifundishia nyumbani, mashine tumeifunga kwenye gogo, panga boi, ile ya kusukuma maji, limezama kwenye pipa. Hakuna aliyelalamika. Kumbe pipani mwanamke ruksa, mwiko unaanzia ziwani.

Sasa sikia ya mwezi uliopita. Baba mdogo Magige alikuja nikiwa sokoni, akaiosha mashine kwa maji ya dawa za miti ili kuitoa mkosi wangu. Aliiosha kila mahali, na kifuniko cha tangi kilikuwa wazi. Kisha yeye na mwanawe Lukas wakaifunga kwenye boti, wakaondoka nayo kwenda Musoma mjini, bila kuniaga. Hawakufika mbali. Ilizimika nje kidogo ya mawe ya ufukweni, na upepo ukaanza kuwapeleka ndani ziwani. Ufukweni wanaume walisimama wakinitazama mimi, kana kwamba nimeizima kwa macho.

Nilichukua petroli yangu safi, tukapiga kasia na jirani yangu Dorotea katika mtumbwi wake hadi walipo. Niliogopa, sitakuficha, kwa sababu mawimbi yalikuwa makubwa. Nilipoingia kwenye boti, baba mdogo akageuza uso.

"Hii haiwakagi mwanamke akiwepo," akasema.

"Basi ruka wewe, tubaki mimi na yenyewe," nikamjibu. Mungu anisamehe, ni mdogo wake baba.

Nilimwaga mafuta yote ya tangini, yalikuwa na maji na majani ya dawa yake. Nikasafisha kabureta, nikakausha plagi, nikatia petroli mpya. Nilivuta kamba mpaka bega likauma, ndipo ikawaka. Niliwarudisha nyumbani mimi mwenyewe, huku tunauvuta mtumbwi wa Dorotea nyuma. Baba mdogo alikaa mbele, amejifunika koti.

Unadhani alishukuru? Aliposhuka aliwaambia watu kwamba dawa yake imefanya kazi, ila ilichelewa kidogo. Na kikao cha ukoo cha kuninyang'anya mashine kipo palepale.

Kwa hiyo usiniombe niwe mpole. Boti hii ndiyo inayotulisha mimi na mama. Kama unataka kunisaidia, waandikie wajomba zako yale uliyotueleza jikoni, na utie sahihi yako ya ualimu.

Kikao ni Jumapili ya Matawi baada ya misa, kwa baba mdogo, upande wa pili wa rasi. Wengine watapita barabarani. Mimi nitafika kwa maji, nikiendesha mwenyewe, na anayeitaka mashine anisubiri ufukweni. Mama hajakanyaga boti maisha yake yote. Jana aliniuliza akae upande gani.

Msalimie sana wifi Brenda, na shangazi Benedikta akija kuwatembelea. Dorotea anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko na awape siku njema.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ukinishauri vibaya,

Gaudensia