Nilivyoshuka Lituhi Peke Yangu

Wifi Yustina,

Nimemdanganya mama yako. Nakwambia mwenyewe, maana huko uliko sijui habari hufikaje.

Tulikuzika Matiri bila yeye. Mvua zilikuwa zimefunga njia, mito imejaa, na kaka yangu hakupata wa kumtuma. Zilipokwisha nikasema nitakwenda mimi, kwa kuwa njia ile tulizoea kuitembea wawili kila mwaka.

Nilitia maharage katika kikapu chako, nikashuka. Wifi, njia imekuwa ngeni. Watu wa mteremkoni wamehamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Pale tulipokuwa tukiomba maji imebaki migomba tu, na majani yameanza kula njia. Nilipofika kilimani, ziwa linapoonekana mara ya kwanza, nilisimama nikingoja useme, "Kwetu pale, wewe mtu wa milima, tazama ushibe!" Ulikuwa na maneno mengi, nami nilijifanya yananichosha. Jinsi ninavyoyatamani sasa!

Siku mbili nzima nilipanga la kumwambia mama. Nikamkuta ufukweni anaanika usipa, vile visamaki vyenu. Nikamwamkia. Akaitikia, akatazama mchangani nyuma yangu.

"Wifi yako anakuja?"

"Ndiyo, mama. Yuko nyuma."

Mungu anisamehe. Akanipa maji ya kuoga, akasonga ugali wa muhogo, akatenga sahani tatu. Nilikula nimeinamisha kichwa. Sahani yako akaifunika.

Asubuhi aliniletea uji, akakaa karibu yangu. "Haya, mwanangu, nieleze. Jana nilikuacha upumzike. Yustina hajawahi kukubali mtu ambebee kikapu."

Tukalia, wifi. Tulilia mpaka majirani wakaja.

Sasa anataka kuliona kaburi lako. Goti lake ni bovu, na njia ni ya kupanda tupu, lakini hashauriki. Amekwisha kufunga mzigo wa usipa. Nikamwambia, "Mama, marehemu hali." Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Na wanawe, hawali?"

Tunaondoka kesho. Nitamfikisha, hata ikiwa kwa siku tano. Wewe pumzika, wifi yangu. Wanao nitawaleta huku kila mwaka, kwa miguu yao wenyewe. Hata kitindamimba wako ataijua njia ya kwa bibi yake, na siku nikishindwa mimi, yeye atakuja peke yake.

Wifi yako,
Bertila