Pempek za Mama Mkwe Chini ya Aiskrimu

Dada Rusmala mpendwa, salamu nyingi kutoka Plaju, Palembang, nakuomba unisaidie kabla nyumba yangu haijaganda kuliko friza yenyewe.

Nina duka la vyakula hapa mtaani, na anayenipikia pempek za kuuza ni mama mkwe wangu, Nyimas Kholijah, na simsifu kwa sababu ni mkwe wangu, hapa Palembang kila nyumba ina mtu anayejua kukanda samaki na unga wa sago akatengeneza pempek, lakini mama huyu ana mkono, Dada, anamchukua nguru na kumkwangua nyama kwa kijiko mpaka unabaki mgongo ambao hata paka anautazama na kwenda zake, kisha anakanda kwa vidole vya mkono mmoja tu maana anasema ukikanda kwa nguvu umetengeneza mpira wa kuchezea, na pempek zake ukizikaanga zinakauka nje na kubaki laini ndani, wateja wananunua zilizoganda wanawapelekea watoto wao mpaka Jakarta, na mimi miaka kumi naishi naye bado nasimama mlangoni mwa jiko nikimtazama.

Tatizo ni friza, maana niliyonayo si yangu, nimeazimwa bure na kampuni moja ya aiskrimu, na sharti lao ni moja, ndani isiingie kitu ila aiskrimu zao, nami nikatia sahihi, halafu nikawa nazilaza pempek chini kabisa na kuzifunika kwa aiskrimu, mteja akitaka nainama nachimbua kama kuku jaani, na Pendi, yule anayetuletea aiskrimu, alijua siku zote akanyamaza, na kila Ijumaa anaondoka na pakiti mbili.

Sasa dhambi yenyewe ni hii. Mama ana magoti mabovu, haji dukani, lakini kila jioni ananiuliza, "Leo umezipanga wapi?" nami namjibu, "Mbele kabisa Mama, kwenye kioo, mtu akiingia tu macho yanatua hapo," na nimesema hivyo miaka miwili, naye akawa anawasimulia majirani zetu wote, wengine walinitazama kwa jicho la pembeni lakini hakuna aliyemwambia.

Mwezi uliopita akapanda pikipiki akaja kuziona kwa macho yake. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, yupo mkaguzi mpya wa kampuni, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, anatoa aiskrimu moja moja na kuzipanga kaunta, akafika chini, akainua pakiti ya pempek kwa vidole viwili kama aliyeshika panya mfu.

"Hii nini?"

"Pempek."

"Kwamba ni pempek naona, dada. Nakuuliza zinafanya nini humu."

Nikasema, na ningeweza kuumeza ulimi wangu ningeumeza, nikasema, "Ah, ni mabaki ya nyumbani tu hayo, si ya kuuza."

Nikageuka, Mama yuko nyuma yangu na kitambaa chake kizuri cha kichwani cha kutokea. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Kwani zimeiba nini, mpaka zifichwe?" Akamrudia mwendesha pikipiki aliyemleta, akaondoka.

Tangu siku ile hajashika samaki. Hanitukani, salamu yangu anaitikia, anapika wali na mboga vizuri tu, lakini wateja wakiulizia anawaambia, "Nimestaafu, jamani," na naogopa, Dada, maana mtu wa kufanya kazi akikaa bure anazeeka mbele ya macho yako.

Nimeamua kununua friza yetu wenyewe, ya pempek tu, na nimeona mbili. Moja ni ya kusimama, ina mlango wa kioo na taa juu mpaka chini, inapendeza kama kabati la bibi harusi, pempek zitakaa usawa wa macho ya mtu. Ya pili ni ya kulala, ina kifuniko cha kioo cha kusukuma, haina mbwembwe. Mume wangu Fikri anasema ya kulala, mimi nasema baada ya nilivyomfanyia Mama heshima yake ni ya kusimama, na umeme wetu nao ni wati elfu moja na mia tatu, pampu ya maji na pasi zikiwaka pamoja swichi kuu inajizima. Ninunue ipi, na Mama atapika tena?

Mchimbua Pempek, Plaju

*

Mchimbua Pempek,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa njaa. Mwanamke anayekanda samaki kwa vidole vya mkono mmoja! Mpe shikamoo yangu, na umwambie inatoka kwa mtu aliyekanda mipira ya kuchezea maisha yake yote.

Tuanze na mashine. Nani kakuambia heshima ni kusimama? Baridi ni nzito, mdogo wangu. Ukifungua mlango wa friza ya kusimama, baridi yote inakumwagikia miguuni, na kwa joto letu hili kioo kitatoka jasho hadi mteja asione kitu. Ya kulala hutunza baridi yake chini, na umeme ukikatika inakuvumilia. Fikri amesema kweli, mpe haki yake leo, kesho utaendelea kubishana naye. Halafu hilo kabati lako la bibi harusi, ulisoma kibandiko? Mengi ya namna hiyo ni ya soda na maziwa, yanapoza tu, hayagandishi. Lisipofika nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, pempek za mama zitaanza kutoa utelezi kabla wiki haijaisha.

Chukua ya kulala, yenye taa na kioo kilichoinama kwa mbele, ili hata aliyeketi kwenye kigoda aone kilichomo. Chukua ndogo. Friza kubwa iliyojaa nusu hufanya chakula kizuri kionekane masalio. Muuzaji aiwashe mbele yako, mkae nayo mpaka ifikie baridi yake, ijizime na kuwaka tena yenyewe, na akikuambia ana haraka, wewe uwe na haraka ya kuondoka. Fundi aivutie waya wake peke yake, uombe kuongezewa umeme, na usiibandike ukutani, nayo inahitaji kupumua. Ile ya kampuni ibaki na aiskrimu zao. Ulitia sahihi, basi.

Sasa wewe. Usimsingizie mkaguzi, yeye alikuwa kazini. Na usidhani kilichomuumiza mama ni pempek zake kulazwa chini ya aiskrimu. Angecheka, wallahi, angekusaidia na kuchimbua. Kilichomuumiza ni "mabaki". Mikono yake ilikulisha, ikakujengea jina mtaani, na siku ya kuitetea ukaikana mbele ya mtu mwenye kalamu mbili! Nimekukasirikia, na ninakupenda kwa kuwa umeyasema mwenyewe bila kulazimishwa.

Kwa hiyo usimwombe radhi kwa friza. Mwombe kwa mdomo, kabla hujanunua chochote, na mwombe mbele ya majirani wale wale aliokuwa akiwasimulia. Sema, "Mama, nilikudanganya, nikazikana pempek zako." Ukishasema, funga mdomo. Usiweke "lakini".

Kisha mkodie gari, mpeleke kwa muuzaji wa friza akachague mwenyewe. Akikataa, usimbembeleze. Nunua, iweke mbele ya duka lako, uiwashe taa na kuiacha tupu, kisha mwite aje aketi nawe kidogo. Usitie humo samaki wala kuku wa mtu mwingine. Wapita njia wakiuliza ni ya nini, waambie, "Ya pempek za Nyimas Kholijah," kwa sauti ya kumfikia. Mwanamke wa mikono ile hawezi kustahimili kioo kinachowaka taa juu ya friza tupu, tena inayotajwa kwa jina lake. Mpe siku tatu. Na atakapokuuliza, huku akitazama pembeni, samaki leo ni bei gani, usimrukie kwa furaha. Mtajie bei, uchukue kikapu, uende sokoni.

Rusmala