Fremu Sitini na Nne

Jumamosi, 12 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, roshani ya nyuma, nyuzijoto sita. Vidole vimekufa ganzi. Nyuki bado wamo ndani ya matete niliyowatundikia ukutani, kila mmoja tete lake, nyuso nje, wanangoja joto. Huu ndio wakati wa kuwapiga picha. Jua likishika hawakai.

Fremu ishirini na tatu, zinazofaa nne. Zilizobaki takataka. Ama mimi nilipumua, ama nyuki alipumua. Kwa ukaribu huu lenzi haioni vizuri hata unene wa ukucha, kwa hiyo unapiga nyingi, kuanzia papasi za kichwani hadi mgongoni, ukisogea mbele kwa mwili wako mwenyewe, kidogo kidogo, halafu kompyuta inaziunganisha ziwe picha moja. Stendi hakuna. Flashi, kopo la chipsi lenye karatasi nyeupe mdomoni kulainisha mwanga, na mikono. Tonton Déo, mjomba kama tunavyomwita wote, ndiye aliyenifundisha, miaka mitatu sasa, kwenye matembezi yake ya wadudu. Nilikwenda siku ile kwa sababu ilikuwa Jumapili na sikuwa na pa kwenda.

Kipengo yupo. Bawa lake la kulia limechanika nchani, pengo la pembe tatu. Mtu unashinda kutwa unatengeneza meno ya bandia, jina kama hilo linakuja lenyewe. Naamini ananijua. Najidanganya, lakini nani ananiona.

Tonton alipita kwa kahawa. Maktaba imekubali: picha kumi na mbili, maonyesho ya Mei, majina yetu wawili. Yeye anapiga nyingi, mimi naunganisha, tatu nimepiga mwenyewe. Fomu inataka wadudu hai, mahali pao, bila kuguswa. Kwake hilo si geni, ndilo analowaambia watu wa matembezi kabla hawajafungua kamera. "Mududu iko na kwake. Wewe ni mugeni." Nikasaini. Naye akasaini, taratibu mno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamcheka.

Jumatano, 16 Aprili

Haraka haraka kabla ya tramu. Kipengo anabeba udongo, tete la tatu kutoka kushoto, anajenga ukuta. Redio inasema nyuzi ishirini leo. Na mimi naenda kuchonga magego ya mtu huko Woluwe, ng'ambo ya jiji. Dunia haina haki.

Tonton atakuja baadaye, ana ufunguo wake. Nilimpa mwenyewe. Chumba chake kule mtaa wa Saint-Josse kinatazama ukuta, jua hajui linapita wapi. Tangu astaafu kuhudumia wazee, anazunguka tu na kamera. Nimemwachia mandazi mezani.

Jumamosi, 19 Aprili

Kipengo hayupo. Siku ya tatu sasa. Ukuta wake wa udongo umeishia nusu, umekauka. Nyuki wa aina hii haachi kazi katikati.

Na si yeye peke yake. Nimehesabu asubuhi, matete mengine manne hayana mtu.

Ni wale ndege wadogo wa kichwa cha buluu. Wanakuja kwenye ukingo wa roshani wanachungulia. Nimewatukana kwa Kiswahili chote ninachokijua, Morogoro nzima ingeona haya. Tonton alikuja, akasikitika sana. Akatikisa kichwa. "Ndege ya huku ni ma-voleur, ni wezi, Maman Rehema. Tuweke filet." Tukaenda kununua wavu. Mimi juu ya kiti nikifunga, yeye chini ameshika mkasi na kunielekeza. Saa nzima. Nikamshukuru.

Nimelia kidogo kwa ajili ya nyuki. Umri wangu miaka arobaini na mmoja.

Jumatatu, 21 Aprili

Sikukuu ya Pasaka, hakuna kazi. Tonton kaniletea kadi ya kamera. Fremu sitini na nne za nyuki mmoja, uso kwa uso.

SITINI NA NNE. Kwa mkono. Mimi nikifika thelathini bila kuyumba nahesabu muujiza.

Nikaziweka kwenye kompyuta, nikaenda kuchemsha chai nikijua nitakuta fujo. Nimerudi nimekuta picha kamili. Kila unywele. Chembe za chavua kwenye taya, moja moja. Macho yana vyumba vyake vyote. Papasi mbili, safi, hazina kivuli, na nyuma ukijani mtupu, laini. Sikurekebisha kitu. Nilipiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Nimempelekea Bi Hilde wa maktaba saa ile ile. Kajibu baada ya dakika kumi: hii ndiyo ya bango.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nasema kweli. Namwonea wivu Tonton na nafurahi, vyote pamoja, sijui kipi kikubwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi tatu nimejaribu. Nyuki mwingine, baridi ile ile, wakati ule ule. Fremu thelathini na moja, na nikiziunganisha nyuki anatoka na papasi nne na mdomo uliopinda. Alisogea. Wote wanasogea. Najiona mjinga.

Nimempigia Tonton nimuulize siri yake. "Bon, ni kuzoea tu. Mukono inajifunza." Akabadilisha mazungumzo, akauliza habari za wavu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika kwa penseli, kalamu siioni. Sijali.

Bi Hilde alitaka faili kubwa kwa ajili ya bango, kwa hiyo leo nimeikuza picha nisafishe vumbi. Nikafika kwenye bawa la kulia. Pengo. Pembe tatu, nchani.

Kwanza nilifurahi. Nikasema, Kipengo, kumbe ndiye wewe, umeniachia picha kabla hujaliwa. Nilifurahi hivyo kwa dakika kama mbili.

Halafu nikafungua zile fremu moja moja. Sijui kwa nini. Nilitaka kumwona anavyosogea. Nikabonyeza, moja, mbili, tatu, hadi sitini na nne. Hasogei. Nyuki hai tumbo linapanda na kushuka, hata kwenye baridi, ndiyo maana picha zetu zinaharibika. Papasi zinacheza, mguu unajipangusa. Huyu hakuna. Na kamera nayo haiyumbi. Inakwenda mbele imenyooka, hatua sawa, sitini na nne. Hakuna mkono wa binadamu unaokwenda hivyo.

Nikaangalia saa ya faili. Jumatano tarehe kumi na sita, saa nane mchana. Nyuzi ishirini. Jua lile nyuki hatulii hata sekunde.

Na ule ukijani wa nyuma niliousifu, nilidhani ni mti wa jirani. Kwenye fremu ya hamsini na nane pembeni unaonekana mkunjo. Ni karatasi.

Alimuua. Aliingia kwangu kwa ufunguo niliompa, akamchukua Kipengo anajenga, akamuua, akala mandazi yangu. Halafu Jumamosi akanishikia mkasi.

Nimepigwa changa la macho na nilikuwa nimeyafungua kabisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja Saint-Josse. Sikupiga simu kwanza. Alifungua mlango akiwa na furaha.

Nikamwambia nataka kuona friji, maana mdudu aliyekufa huhifadhiwa kwenye barafu. Hakuuliza friji ya nini. Akasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake ofisini. Kisha akafungua mwenyewe sehemu ya barafu. Kopo la aiskrimu. Ndani nyuki watano kwenye pamba, kila mmoja na pini yake. Kipengo alikuwa wa pili katika mstari. Kwenye meza karibu na dirisha kuna reli ya chuma ya kusogeza kamera, na karatasi ya kijani imebandikwa ukutani.

"Kaa kwanza, Maman Rehema."

Sikukaa.

Akaketi yeye. Akashika kikombe kwa mikono miwili na kahawa ikamwagika vilevile. Ndipo nikaona. "Depuis Noël, tangu Noeli," akasema. "Mikono hainisikie tena. Daktari alisema itaendelea vile." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nikuambie nini? Mimi njo nilikufundisha. Ulikuwa unaniangalia kama muntu mukubwa."

Nikasema umewaua nyuki watano nyumbani kwangu. Akasema anajua. "Nilikuwa nataka photo moja ya muzuri, ya mwisho. Kisha ile exposition ya mwezi wa tano, naacha. Yule mama Hilde wa bibliothèque hatajua. Ni wewe tu unajua."

Nikamuuliza kuhusu wavu. Hapo akachukua kitambaa akafuta kahawa mezani.

Ningeweza kumwonea huruma. Najua ningepaswa. Tramu nzima nilijaribu, haikuja. Mikono yake ingetetemeka mbele yangu ningeshika mimi kamera, yeye akanielekeza, tungepiga hivyo miaka. Hakunipa nafasi hiyo. Aliona afadhali anifanye mjinga kuliko nimwone dhaifu.

Jumatano, 30 Aprili

Silali vizuri. Kazini nimeharibu seti nzima ya meno ya juu.

Nimempigia dada yangu Morogoro nikamweleza yote. Akacheka. Anasema ni wadudu, na mzee anaumwa, na picha ni nzuri, na mimi napenda kujitafutia presha. Labda.

Nitaandika ukweli kwa sababu hapa hasomi mtu. Naitaka ile picha. Ndiyo picha bora yenye jina langu. Nikiitoa, nabaki na tatu zangu za papasi mbili na nusu. Nikiiacha, itaning'inia pale mwezi mzima, na chini yake imeandikwa hai, mahali pake, bila kuguswa, na saini yangu ndiyo ya kwanza. Watu wa matembezi watakuja. Watasimama mbele yake na kusema, tazama, alivyotulia.

Nimejaribu kufuta pengo la bawa kwenye kompyuta. Dakika tano tu kazi. Nikalirudisha.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Bi Hilde. Maktabani, mlangoni pa kitengo cha watoto, hata hatukukaa. Nikasema yule nyuki alikuwa amekufa. Akauliza imekuwaje. Nilikuwa nimejiandaa kusema "sisi". Nimelifanyia mazoezi njia nzima. Likatoka "yeye".

Alisikiliza. Si mtu wa kupiga kelele. Ameondoa picha zote za Tonton, tisa, kwa sababu hawezi kujua ipi ni ipi. Hata mimi siwezi. Nimezipitia jana, miaka mitatu ya kazi yetu, na kila iliyotoka vizuri naitilia shaka. Hicho ndicho kimeniuma kuliko nyuki. Tonton amenichukulia hata zile za zamani.

Maonyesho yatakuwa na picha tatu. Bango limefutwa.

Tonton amepiga mara tisa. Sikupokea. Kaacha ujumbe wa sauti, nimeusikiliza mara moja nikaufuta, lakini umeshaingia kichwani.

"Ungeniambia kwanza, njo uende kwa ule mama. Umeniuza, Maman Rehema. Umeniuza juu ya mududu."

Kusema hivyo yeye! Nilimwambia kwanza. Nilisimama kwake jikoni. Alichotaka si kuambiwa, alitaka ninyamaze.

Na bado neno lake limenikaa.

Jumamosi, 10 Mei

Ufunguzi. Watu kumi na wawili, juisi, vibanzi. Picha tatu kwenye ukuta uliopimwa kwa kumi na mbili. Bi Hilde alizitenganisha ziwe mbali mbali, ikawa mbaya zaidi. Wanaomjua Tonton waliniuliza yuko wapi. Wengine walishasikia, hao hawakuuliza. Mzee mmoja wa Bukavu, rafiki yake, alinisalimia kwa kichwa tu akaenda zake.

Sikukaa hadi mwisho.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya matembezi ya mwezi. Nilikwenda nikiamini atakuwepo. Nilikuwa nimepanga niseme nini, vikali.

Hakuja. Watu sita wamesimama langoni pa bustani na simu zao na kamera zao, wananitazama mimi. Nikangoja robo saa. Kisha nikawaongoza.

Haikuwa mbaya. Tulikuta mbawakavu wekundu wawili juu ya ua jeupe, na buibui mmoja mdogo ambaye kila mtu alimwogopa isipokuwa mtoto. Nilizungumza Kifaransa changu cha kuvunjika. Hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, Maman Furaha, wa Goma, ana daftari. Anaandika kila kitu. Tulipokuwa tunarudi akanikaribia. "Wewe, ni nani alikufundishaka?"

Nikamtajia Tonton, jina lake lote. Akaandika. Akauliza kama anajua kweli kazi hii. Nikasema hakuna ninayemjua anayewaona wadudu kama yeye. Hilo ni kweli, lilikuwa kweli kabla na ni kweli sasa.

Akaomba namba yake. Tonton sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe. Nikampa namba.